Zuena Akataa Kuiuza Makka

Siku mume wa Zuena alipofariki, mwezi wa saba mwaka 1986, watu walijaa kibanjani kwake, kwenye shamba la migomba linaloizunguka nyumba, hadi wengine wakakosa pa kukaa, lakini hakuna aliyevuka kizingiti cha nyumba. Wanaume walijibanza kwenye migomba, macho chini. Wanawake walikwenda kupika ndizi kwa jirani, wakidai jiko la huku linatoa moshi. Maalim Byarugaba, imamu wa msikiti wa hapo Buganguzi, aliyewasomesha Kurani baba wa watu na watoto wao, alisimama uani na bomba la kunyunyizia mibuni dawa.

"Tumeshauriana," alisema. "Atolewe nje kwenye mkeka. Tutamnyunyizia maji tukiwa mbali, kisha tumswalie. Dharura ina hukumu yake."

Zuena alilitazama lile bomba. Bado lilikuwa linanuka dawa ya wadudu.

"Maalim, mume wangu si mbuni," alisema. "Hakuingiliwa na wadudu."

"Binti Ishaka, wewe huujui ugonjwa huu."

"Miezi saba nimemlisha, nimemfulia, nimemgeuza kitandani. Kama siujui mimi, hapa anayeujua ni nani?"

Hakungoja jibu. Aliingia ndani, akafunga mlango, akaanza kukunja mikono ya gauni. Aliyemfuata alikuwa mtu mmoja tu: Joviana, jirani yake, Mkatoliki mzaliwa wa Kashozi aliyeolewa hapo Buganguzi. Joviana alibeba ndoo mbili za maji, akauliza asimame wapi. Zuena akamwelekeza. Basi mmoja akaosha, mwingine akamimina huku akisema Salamu Maria kwa sauti ya chini, na Zuena hakumkataza. Alimwosha mumewe kama sheria inavyotaka, upande wa kulia kwanza, akamvika sanda, akafungua mlango.

"Tayari," aliwaambia wanaume. "Kubeba mnaweza, au nako nibebe mimi?"

Walibeba.

Tangu siku hiyo watu wakawa na habari mbili juu ya Zuena. Ya kwanza, kwamba anao ugonjwa wa Juliana, kama ukimwi ulivyoitwa siku hizo, kwa hiyo kikombe chake kisiguswe. Ya pili, kwamba anajua kuosha maiti bila kuogopa. Habari ya kwanza iliwafukuza watu mlangoni pake, ya pili ikawarudisha. Ndani ya miaka miwili aliosha wanawake kumi na tisa. Waliokuja kumwita hawakuingia ndani. Walisimama kwenye njia ya kibanja, wakakohoa, wakasema, "Waitu, Ma Zuena, tuna msiba." Naye huchukua kanga yake akaenda.

Ukaidi huo hakuuanza kwenye ujane. Vita vya Nduli Idi Amin vilipofika mwaka 1978 alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano, mwalimu wa UPE, wale waliofunzwa kazi kwa muda mfupi, katika shule moja ya ng'ambo ya Mto Kagera. Mizinga ilipoanza kulia, wazazi wengi walikuwa mashambani, na watoto kumi na saba walibaki darasani bila mtu wa kuwachukua. Zuena aliwatoa kwa mstari, akawavusha mto kwa mitumbwi, akatembea nao siku nne kuja kusini. Njiani aliwafundisha hesabu kwa punje za kahawa, ili wasisikilize mabomu. Kwenye kambi ya waliokimbia vita, mwanamume mmoja aliyekuwa anagawa unga alimwona na ushungi wake akasema kwa sauti, "Dini yako hiyo si ndiyo ya Nduli anayetuua?"

Zuena akamjibu mbele ya foleni nzima, "Nduli anavaa viatu pia. Vua vyako basi."

Watu walicheka, na yule bwana akaendelea kupima unga. Watoto wote kumi na saba walikuja kuchukuliwa na jamaa zao, wa mwisho baada ya miezi mitano. Huyo ndiye Zuena.

Sasa, mwaka 1989, Rajabali alimwita mjini Bukoba. Rajabali alikuwa mwuza vitambaa, mmoja wa Wahindi wachache waliobaki katika mtaa ambao zamani ulikuwa wao karibu wote. Ndugu zake walikwishahamia Ulaya na Kanada. Yeye alipitia vita, duka likavunjwa, akaweka milango mipya, akaendelea kupima vitambaa kwa mkono wake. Alikuwa amehiji mara mbili. Mwaka huo aliungana na wakala mmoja wa safari kutoka Dar es Salaam, aliyeitwa Kitwana, wapate kuwapeleka Waislamu wa Kagera Makka: meli hadi Mwanza, treni hadi Dar, ndege hadi Jedda. Tatizo lilikuwa moja. Hawakupata hata abiria watano.

"Mwalimu," Rajabali alimwambia, "mimi najua watu wanataka khanga gani. Kwa nini hawataki Hija, hilo silijui. Nenda vijijini uwaulize. Uliza vizuri, andika vizuri. Wewe watu wanakuambia mambo."

"Na mimi nitapata nini?"

"Nafasi yako katika safari ya mwaka ujao. Na ya kaka yako, awe maharimu wako, mwanamume wa kukusindikiza."

 Tangu utotoni Zuena alikuwa na hamu moja ambayo hakuwahi kumwambia mtu, kwa kuwa maskini akiitamka hamu kama hiyo huonekana anajisifu. Baba yake alikuwa akimchorea Kaaba kwa kijiti kwenye majivu ya jikoni, akimwambia, "Watu wanaizunguka hivi." Na sasa mtu alikuwa amesimama mbele yake, futi ya kupimia kitambaa mkononi, anamwahidi kwamba ataiona.

"Nitakwenda," alisema. "Ila nitaandika wanayosema wao. Nisiambiwe baadaye niandike mengine."

"Ndicho ninachotaka," alisema Rajabali.

Alipewa baiskeli na madaftari manne, akawaacha binti zake kwa Joviana. Kwanza ikawa vituko. Mwanamke wa Kihaya, mjane, mwenye ushungi, juu ya baiskeli! Watu walitoka vibandani kumtazama. Pale Buganguzi, Maalim Byarugaba alitangaza baada ya swala ya Ijumaa kwamba mwanamke kupanda baiskeli ni kujidhalilisha. Jumatatu yake Zuena alipita mbele ya msikiti akipiga kengele.

Kwa wiki kumi alizunguka Muleba, kijiji baada ya kijiji, hadi Ngenge. Aliuliza maswali matatu: umewahi kuiwaza Hija, nini kinakuzuia, na neno gani likikufikia litakufanya uondoke. Alikaa jikoni na akina mama wakimenya ndizi, alikaa na wazee waliokuwa wanaanika kahawa. Alidhani atasikia habari za nauli. Nauli zilisemwa, ndiyo, lakini hazikuja kwanza.

Mzee mmoja alimwambia, "Mwalimu, nimezika watoto wanne. Nina wajukuu tisa. Nikienda Makka, nani atabaki nao? Na nikifa huko, nani atawaonyesha makaburi ya baba zao?"

Mama mwingine alisema, "Mwanangu amesoma madrasa miaka mitatu. Anajua kusoma kwa kuimba. Muulize anasema nini, hajui. Anachojua ni fimbo ya Maalim."

Huko Ngenge alimkuta Ma Shamsa, bibi wa miaka kama sabini, aliyekuwa akilea wajukuu watano. Katika watoto wake wa kiume alibaki mmoja, Twaha, naye alikuwa amelala kwenye mkeka nje ya nyumba, amekonda, blanketi hadi kidevuni ingawa jua lilikuwa kali. Ma Shamsa aliuliza swali lake kabla ya kuulizwa.

"Huko Makka, Mungu anasikia Kihaya?"

"Anasikia, Ma Shamsa."

"Maana mimi kwenye rukuu nasema tu yale niliyofundishwa. Miaka sitini. Yana maana gani?"

Zuena alifikiri kidogo jinsi ya kulileta lile neno la Kiarabu katika lugha ya nyumbani. "Unamtukuza. Unasema, Mukama wange. Mfalme wangu, Bwana wangu."

Bibi aliweka kisu chini. "Mukama wange," alirudia. "Miaka sitini namwita, sikujua kama namwita." Akafuta macho kwa pembe ya kanga, akaendelea kumenya ndizi.

Zuena alipoinuka kuondoka, Twaha alimwita kutoka mkekani. "Mwalimu, andika na langu. Nasikia kule kuna maji ya Zamzam. Kama yanaponya Juliana, kibanja hiki nakiuza kesho." Alisema huku machozi yanamtiririka hadi masikioni. Zuena aliandika, kwa sababu aliahidi kuandika kila kitu. Pembeni akaongeza: *amesema akilia.*

Aliporudi mjini, Kitwana alikuwa dukani kwa Rajabali. Alikuwa mtu wa pwani, nadhifu, kanzu yake haina kunjo, na Kiswahili chake kikiteleza kama mafuta. Alipokea madaftari, akayafungua kwa haraka, akiruka kurasa. Wajukuu tisa, akaruka. Madrasa ya fimbo, akaruka. Ma Shamsa, akaruka. Alipofika kwa Twaha alitoa kalamu nyekundu akapiga mstari.

"Hapa," alisema. "Soko letu liko hapa."

"Huyo ni mgonjwa," alisema Zuena. "Soma pembeni. Alikuwa analia."

"Bibie, anayelia ndiye anayenunua. Sisi tutamfuta machozi."

"Kwa kumwuzia nini? Uzima?"

"Kwa kumpeleka nyumba ya Mola wake. Wewe hutaki?"

"Nataka. Lakini aende anayeweza. Mwenye kuuza kibanja wanachokula yatima watano hajaweza, amejitosa. Hivyo ndivyo dini inavyosema, na wewe unajua kuliko mimi."

Kitwana alitabasamu. "Ulitumwa kuuliza, bibie. Hukutumwa kutoa fatwa."

Zuena alimgeukia Rajabali, aliyekuwa amejishughulisha na kukunja jora ambalo tayari lilikuwa limekunjwa. "Tutaangalia, mwalimu," alisema Rajabali. "Tutaangalia vizuri."

Wiki tatu baadaye Zuena alikuwa anapeleka kahawa kwenye ghala la ushirika alipoona watu wamezunguka mlango. Karatasi ya kijani ilikuwa imepigiliwa misumari. Wasiojua kusoma walimpisha awasomee, akaanza kwa sauti:

"Nenda Makka, urudi mzima. Maji ya Zamzam ni dawa ya kila ugonjwa, hata ule usiotajwa. Wasio na fedha taslimu watasaidiwa kuuza vibanja. Utafiti umefanyika Muleba nzima na kuthibitisha. Mtafiti: Mwalimu Zuena Ishaka."

 Mwanamke mmoja akamwuliza, "Kumbe ni kweli, Ma Zuena? Wewe ndiye uliyethibitisha?"

Zuena aliing'oa ile karatasi na misumari yake, akaikunja akaitia kifuani. Kahawa aliiacha hapo hapo. Alipanda baiskeli, akarudia njia yake yote ya wiki kumi, nyumba kwa nyumba, na safari hii hakuuliza swali. Alisema, "Nimekuja kukanusha yaliyoandikwa kwa jina langu. Zamzam ni maji matukufu, nayaamini, na ningeyapata leo ningeyanywa. Lakini mimi sikuthibitisha kwamba yanaondoa Juliana, na anayewaambia muuze kibanja kwa ajili hiyo anawaibia." Wengine walimshukuru. Wengine walimfungia mlango, kwa sababu mtu aliyekwishapewa tumaini hampendi anayekuja kulichukua. Mama mmoja alimmwagia maji machafu miguuni. Zuena akasema, "Sawa, mama," akaenda nyumba ya pili.

Ngenge alifika amechelewa. Twaha alikwishaandikisha jina, na mnunuzi wa kibanja alikwishakuja mara mbili kupima kwa hatua, akivuka makaburi ya kaka zake Twaha kana kwamba ni matuta ya viazi. Ma Shamsa alikuwa amekaa mlangoni.

"Jumamosi kuna mkutano Muleba," Twaha alisema. "Huyo wakala mwenyewe anakuja. Nitakwenda nimsikie kwa masikio yangu."

"Nami nitakuja," alisema Zuena.

Jumamosi hiyo uwanja wa msikiti wa Muleba ulijaa baada ya adhuhuri. Wanaume mbele, wanawake nyuma ya kamba ya katani. Kwenye benchi walikaa Kitwana, Rajabali na Maalim Byarugaba, ambaye alikuwa ameahidiwa kuongoza msafara bila kulipa. Kitwana alizungumza nusu saa, na alizungumza vizuri mno. Aliieleza Arafa hadi watu wakaiona. Aliwaeleza Zamzam, akasema waliougua wakayanywa wakasimama. Vichwa vilitikisika, wengine wakaanza kulia.

Zuena alisimama kwa wanawake, akanyanyua ile kamba, akapita chini yake.

"Zuena, kaa!" Maalim alisema. "Sauti ya mwanamke si ya kusikika hapa."

"Jina la mwanamke limesikika Muleba nzima kwenye karatasi yenu," alisema Zuena. "Lilipokuwa linawauzia, hamkulikataza. Sasa lina miguu, limekuja."

Akageukia watu, akaacha Kiswahili, akasema Kihaya, ili bibi wa mwisho kule nyuma amwelewe na Kitwana asiambulie neno. Aliwaambia: mimi ndiye niliyekuja majumbani mwenu. Mliniambia hofu yenu ni yatima, ni watoto wanaoimba maneno wasiyoyajua, ni makaburi yatakayosahauliwa. Niliandika yote. Huyu bwana aliyaruka yote akachukua machozi ya mtu mmoja, na hayo ndiyo anayotaka kuyauza. Makka si dawa ya kuchuuzwa. Mungu amemwita anayeweza, na asiyeweza hakumdai. Nani aliyewaambia Mungu anataka ndizi za yatima?

Rajabali, aliyezaliwa Bukoba na kukijua Kihaya kama yeyote, aliinamisha kichwa. Maalim alimtafsiria Kitwana sikioni. Kitwana akasimama, na tabasamu lake likawa limetoweka.

"Ndugu zangu, mnamsikiliza nani?" alisema. "Mwanamke huyu mumewe amekufa kwa ugonjwa huo huo. Yeye mwenyewe anao. Anataka mfe wote pamoja naye!"

 Waliokuwa karibu na Zuena walisogea, hatua moja, kisha nyingine, akabaki peke yake kama mti kwenye shamba lililofyekwa. 

"Huenda ninao," alisema, sasa kwa Kiswahili, akimtazama Kitwana usoni. "Sijapimwa. Na ninyi mliosogea, ninyi mmepimwa? Kama ninao, nitakufa. Lakini nitafia kwenye kibanja changu, na binti zangu watabaki na pa kuchuma ndizi. Wewe utawaachia hawa nini? Tiketi iliyokwisha kutumika?"

Ndipo Twaha aliposimama. Alisimama polepole, akishika bega la mtu aliyekaa mbele yake, na kila mtu akaona alivyokuwa.

"Bwana wakala," alisema, "mimi ndiye yule wa kwenye daftari. Nataka jibu moja. Nikinywa, nikarudi bado naumwa, kibanja utanirudishia?"

"Ndugu yangu, hayo yanategemea imani ya mtu..."

"Nimeuliza kibanja."

Kitwana alianza upya habari za imani. Twaha alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Basi," akageuka, akaanza kutembea kuelekea barabarani, fimbo mkononi. Mzee mmoja alijipangusa vumbi akamfuata. Wakafuata wengine. Hakuna aliyepiga kelele. Watu waliondoka tu, wawili wawili, mpaka benchi likabaki linatazama kamba ya katani.

Twaha alifariki wiki sita baadaye, nyumbani, akazikwa kando ya kaka zake.

Rajabali alikuja Buganguzi mwenyewe, kwa pikapu yake, akasimama uani kwa Zuena na kofia mkononi.

"Mwalimu, lile tangazo sikulisoma kabla halijapigwa chapa."

"Mzee Rajabali," alisema Zuena, "ulilisoma."

 "Nililisoma," alisema Rajabali. "Nilidhani maneno ni maneno tu. Sisi wenye maduka tunasema kitambaa hakichuji, na kila mtu anajua kitachuja." Kisha akamwambia kwamba Kitwana amevunja ushirika, na kwamba nafasi mbili, ya Zuena na ya kaka yake, zimefutwa. Yeye peke yake hana uwezo wa kuzirudisha.

 Maumivu yalimshika Zuena kweli. Aliiona ile Kaaba ya majivu, ikipeperuka. Hakutaka Rajabali alione hilo, lakini mzee aliliona.

"Niletee madaftari yangu," alisema.

"Madaftari ni ya kampuni, mwalimu."

"Karatasi ni za kampuni. Maneno ni ya watu. Kama unataka karatasi zako, nitayanakili nikurudishie."

Alimletea siku ya tatu. Hakuzidai tena karatasi.

Zuena aliyatandaza yale madaftari manne kitandani, akayasoma kama barua alizoandikiwa yeye. Yule mzee wa wajukuu tisa alikuwa amesema anachotaka. Yule mama wa fimbo alisema. Ma Shamsa alisema. Kumbe walipoulizwa habari za Makka, walikuwa wamemjibu habari za shule. Akachukua daftari jipya akaanza kupanga. Mtoto atasoma Kiarabu, na kila neno ataambiwa maana yake kwa Kihaya siku hiyo hiyo, asilale nalo bila kulielewa. Atajua ukoo wake, mpaka wa kibanja cha baba yake, na dini inampa haki gani humo, msichana naye. Atajua kumhudumia mgonjwa bila kumkimbia, na akishakuwa mkubwa wa kutosha, kuosha maiti. Na fimbo haitaingia darasani.

Alianza na watoto kumi na wanane, katika banda ambamo marehemu mumewe alikuwa akiweka kahawa. Joviana alileta mikeka miwili na mtoto wa marehemu dada yake, akasema, "Huyu ni Mkatoliki na atabaki Mkatoliki, lakini mfundishe kuwahudumia wagonjwa." Ma Shamsa alihamia kwa mpwa wake hapo Buganguzi na wajukuu wote watano ili wasome, kibanja cha Ngenge akikiachia jirani akitunze, akawa anakaa mstari wa mbele pamoja nao.

Maalim Byarugaba aliliona jambo hilo kuwa ni vita. Kihaya, alisema, ni lugha ya ngoma na pombe ya rubisi, haifai kubeba dini. Kamati yake iliandika barua rasmi: madrasa ya Zuena ifungwe mara moja, mpaka apatikane mwalimu wa kiume mwenye sifa. Barua ilimfikia asubuhi, watoto wakiwa wamekaa. Aliisoma kimya, kisha akasema, "Shikeni kalamu. Leo imla." Akawasomea barua nzima, neno kwa neno, wakaandika. Walipomaliza wakasahihisha pamoja, na makosa ya tahajia yaliyokuwemo kwenye barua yenyewe, saba kwa hesabu, akayapigia mstari. Nakala iliyosahihishwa akairudisha kwa kamati, pamoja na salamu.

Mwaka uliofuata binti mkubwa wa Maalim alirudi kutoka Kampala amebebwa, akafariki baada ya wiki mbili. Maalim alikuja kibanjani kwa Zuena adhuhuri, peke yake. Alisimama kwenye njia, akakohoa kama walivyokohoa wengine. Zuena alimtokea mlangoni, na watu wakasubiri kuona atamwambia nini.  Aliita wasichana wanne wakubwa wa darasa lake, wakachukua kanga zao, wakaenda wakamwosha yule binti vizuri, wakamsuka na nywele. Maalim alishukuru. Ijumaa iliyofuata alisema tena msikitini kwamba Kihaya hakifai kufundishia dini. Zuena aliposikia alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka 1991 alikwenda hospitali kupimwa, akaambiwa anao. Kesho yake aliwaambia wanafunzi mwenyewe, kabla watu hawajawaambia kwa njia ya vichochoro. Wadogo walilia. Alisubiri wamalize, akasema, "Basi tuharakishe. Silabasi ni ndefu."

Waliharakisha miaka minne. Madarasa yakawa matatu, moja likiwa Ngenge, ambako mjukuu mkubwa wa Ma Shamsa alirudi kufundisha kwenye kibanja chao. Zuena aliposhindwa kusimama alifundisha amekaa, na aliposhindwa kukaa alifundisha amelala. Siku moja aliwaita wasichana wakubwa kitandani, akawaamuru wamfanyie mazoezi yeye, kama watakavyomfanyia. Binti yake wa kwanza alikataa akilia.

"Ni mimi ninayewaomba, mwanangu," Zuena alimwambia. "Nimeosha watu wengi bila wao kuniambia kama nakosea. Ninyi mna bahati, maiti yenu inasema."

Wakaanza. Mkono wa kulia. Kisha kushoto. "Polepole hapo," alisema. "Usinisugue kama sufuria. Na maji mbona mengi, mnataka kunizamisha?" Wasichana wakacheka huku wanalia, naye akawarudisha mwanzo mara mbili mpaka wakapatia.

Alifariki mwezi wa tatu mwaka 1995. Waliomwosha walikuwa watano, na hakuna aliyewaelekeza la kufanya. Darasa la Buganguzi lilifungwa siku tatu za matanga, likafunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi, binti yake mbele, watoto arobaini na mmoja kwenye mikeka.